Sakoma ya paja, daraja la 3: kabla ya upasuaji na miaka inayofuata

Zuhura_K

Salaam kwenu nyote. Kaka yangu, miaka 38, amegundulika na sakoma ya tishu laini (saratani ya misuli, mafuta na tishu nyingine zinazounganisha mwili). Uvimbe uko mbele ya paja la kushoto, ndani kabisa ya misuli, urefu wake sentimita 9. MRI imepigwa, biopsi ya sindano (kipande kidogo cha uvimbe) imechukuliwa, na majibu yanasema sakoma ya sainovia, daraja la 3. CT ya kifua haikuonyesha kitu.

Madaktari wanataka aanze na mionzi wiki 5, apumzike, ndipo wapasue. Kemo wanasema bado wanaijadili. Nyumbani tumegawanyika. Wapo wanaoona kuchelewesha kisu ni kuupa uvimbe nafasi ya kusambaa, na wapo wanaouliza kwa nini mguu usikatwe tu yaishe.

Naomba anayeujua ugonjwa huu anieleze mpangilio huo una mantiki gani, tuulize nini kabla hajaingia chumba cha upasuaji, na kemo inabadilisha nini. Na akishamaliza, mguu utakuwaje, na atafuatiliwa kwa miaka mingapi? Msinifiche kitu, nataka mambo jinsi yalivyo.

Hadubini

Pole sana dada Zuhura, na kaka mfikishie pole zetu.

Kabla ya mionzi na kisu, hakikisheni jina la ugonjwa. Sakoma za tishu laini ni takriban asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima, na ndani ya hiyo asilimia 1 kuna aina zaidi ya 70. Mtaalamu wa patholojia anayesoma saratani za kila namna huziona kwa nadra mno. Kwa hiyo vioo vya hadubini pamoja na vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta hupelekwa kwa mtaalamu wa pili, mwenye kazi ya sakoma mikononi kila wiki. Huko si kumdharau wa kwanza. Ndio utaratibu wenyewe, na kuna wagonjwa ambao aina au daraja hubadilika baada ya macho ya pili, na matibabu yao yakabadilika vilevile.

Kwa aina ya kaka yako kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Katika sakoma ya sainovia, kromosomu X na kromosomu 18 hubadilishana vipande, na jeni iitwayo SS18 inaungana na mojawapo ya jeni za SSX. Kipimo cha FISH (jeni hupakwa rangi inayong'aa), au cha kusoma jeni moja kwa moja, huonyesha muungano huo. Ulizeni: je, SS18 imepimwa, au jina limetolewa kwa kuangalia umbo la seli na rangi za kingamwili tu? Kama haijapimwa, nta ile ile iliyopo inatosha. Hachomwi sindano tena.

Kuhusu daraja: hupatikana kwa kujumlisha alama za mambo matatu, yaani seli zimepotoka kiasi gani kutoka tishu ya kawaida, zinagawanyika kwa kasi gani, na sehemu gani ya uvimbe imekufa. Sakoma ya sainovia hupewa alama ya juu kabisa katika lile la kwanza, ndiyo maana haiwi daraja la 1 hata siku moja. Mjue pia kwamba sindano hugusa sehemu ndogo ya uvimbe wa sentimita 9, hivyo kosa linalotokea zaidi ni daraja kushushwa kuliko kupandishwa. Ya kwake imeshasomwa 3, hapo hakuna cha kushuku.

Jambo dogo linalosahaulika: tundu la sindano. Njia iliyopita sindano huhesabiwa kuwa imechafuliwa na seli za uvimbe, na mpasuaji ataiondoa pamoja na uvimbe. Baada ya wiki kadhaa za mionzi kovu lile linaweza kupotea kabisa. Lipigeni picha leo, rula ikiwa pembeni, goti likionekana, na mpasuaji aiweke kwenye faili.

Mwale

Naanza na kukata mguu, maana ndilo linalotia hofu zaidi nyumbani.

Mwaka 1982 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la wagonjwa 43 wenye sakoma za mikono na miguu. Kundi moja lilikatwa kiungo, kundi lingine liliondolewa uvimbe na kupigwa mionzi. Katika kundi la pili uvimbe uliwarudia wachache mahali palepale, lakini urefu wa maisha wa makundi yote mawili haukutofautiana. Sababu ni kwamba kinachoua katika ugonjwa huu kwa kawaida ni seli zilizokwisha kufika mapafuni, na hizo hazizuiwi kwa kukata paja. Siku hizi kukatwa kunabaki kwa yule ambaye uvimbe umeumeza mshipa mkuu wa damu, neva na mfupa kwa pamoja, kiasi kwamba mguu utakaobaki utamtumikia vibaya kuliko mguu bandia. Kwa uvimbe wa mbele ya paja usiogusa mfupa, hilo si chaguo la kwanza.

Sasa mionzi. Ikitangulia, dozi ni Gy 50 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Ikija baada ya upasuaji, dozi hupanda hadi Gy 60 au 66, na eneo linalopigwa huwa kubwa zaidi kwa sababu ni lazima lifunike kidonda chote, kovu, na hata tundu la mrija wa kutoa maji. Jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2002 lilipima njia hizi mbili. Waliotanguliza mionzi walipata matatizo ya kidonda kwa asilimia 35, wenzao asilimia 17. Hiyo ndiyo gharama yake, na ni kubwa, msifichwe. Ila upande wa pili wa mizani una uzito wake: mionzi ya dozi kubwa baadaye huacha ugumu wa misuli, goti lisilokunjika na mguu unaovimba, na hayo humkaa mtu maisha yote. Kidonda kibaya hupona katika miezi. Kwa mtu wa miaka 38 anayetaka kutembea miaka 40 mbele, ningetanguliza mionzi bila kusita.

Je, uvimbe utasambaa wakati wa kusubiri? Wakati wa mionzi seli zinapigwa kila siku, kwa hiyo hiyo si kusubiri. Msitegemee usinyae sana, kwani aina hii mara nyingi hubaki na ukubwa ule ule, na pengine huvimba kidogo kwa sababu katikati inakufa na kujaa majimaji. Kinachotafutwa ni ukingo wa nje ufe. Uvimbe huu hukua ukisukuma tishu jirani mpaka zikaubana kama ganda la chungwa, na ganda hilo humdanganya mpasuaji asiyeujua ugonjwa: linaonekana safi, kumbe lina seli hai ndani yake. Mionzi hulishughulikia ganda hilo kabla kisu hakijafika. Ila kama paja linajaa haraka, ngozi inang'aa na maumivu yanapanda wiki hadi wiki, aseme siku hiyo hiyo, asingoje kliniki.

Baada ya kipindi cha mwisho hungojwa wiki 4 hadi 6. Mapema mno ngozi bado imewaka, na ukichelewa sana tishu zinaanza kukakamaa na kushonana.

Wakati wa mionzi ngozi huanza kuwa nyekundu karibu wiki ya pili au ya tatu. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, asinyoe eneo hilo kwa wembe, asibandike plasta, asiweke chupa ya maji moto wala barafu. Na ulizeni swali hili kwa mtaalamu wa mionzi: je, mpango umeacha ukanda wa ngozi upande mmoja wa paja usiopigwa? Paja likipigwa mzunguko mzima, njia za limfu (majimaji ya tishu yanayorudi kwenye damu) hufungwa pande zote na mguu huvimba vibaya.

Kwa mpasuaji, mambo ambayo ningetaka kuyasikia kwa masikio yangu: Amesoma MRI mwenyewe, na kesi imepita kwenye kikao cha pamoja cha wapasuaji, mionzi, kemo, radiolojia na patholojia? Uvimbe uko umbali gani na neva ya fupa la paja na mshipa mkuu wa damu, na akikuta umeegemea neva atafanya nini? Kuacha ukingo (tishu isiyo na ugonjwa inayotolewa kuzunguka uvimbe) mwembamba kando ya neva, kwa makusudi, baada ya mionzi, ni uamuzi unaokubalika na huokoa mguu. Ukingo mchafu uliotokea kwa bahati mbaya ni kitu kingine kabisa. Anategemea kuondoa misuli mingapi kati ya minne ya mbele ya paja? Kidonda kitafungwaje: kuna mpasuaji wa kurekebisha viungo atakayeleta kipande cha nyama chenye damu yake kama ngozi haitafika? Na mrija wa kutoa maji utokee karibu na mwisho wa mshono, kwenye mstari wake, maana tundu la mrija nalo huhesabiwa kuwa limechafuliwa.

Kaka kama anavuta sigara, aache leo. Ngozi iliyopigwa mionzi ina damu kidogo tayari, na sigara huinyima hata hiyo. Sukari kama anayo idhibitiwe mapema, na ale protini ya kutosha, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kuanzia wakati wa mionzi mpaka kidonda kifunge.

Zuhura_K

Mwale, Hadubini, Mungu awabariki. Picha ya kovu tumeshapiga, na SS18 kumbe haikupimwa, wameomba nta leo. Sasa kemo. Daktari mmoja anasema haina faida kwa sakoma, mwingine anasema kwa aina hii ina faida. Nani mkweli?

Nesi_wa_Zamu

Dada, wote wawili wana pa kusimamia. Ukiziweka sakoma zote kwenye kapu moja, faida ya kemo ya kuzuia ugonjwa usirudi ni ndogo na majaribio yamepingana. Ukichambua, uvimbe wa daraja la 3, ulio ndani, unaozidi sentimita 5, kwa mtu mwenye moyo na figo nzima, unaingia kwenye kundi ambalo kemo hujadiliwa kwa uzito. Na sakoma ya sainovia ni miongoni mwa zinazoisikia kemo kuliko nyingi, hasa ifosfamaidi. Kuna kikokotozi kiitwacho Sarculator ambacho madaktari hukitumia: unaingiza umri, ukubwa, daraja na aina, kinakupa makadirio ya miaka 10. Mwombeni daktari akifungue mbele yenu. Makadirio yakiwa mabaya, sababu ya kutoa kemo huongezeka.

Ikitolewa, mara nyingi ni mizunguko 3 kabla ya upasuaji, kila baada ya wiki 3: dawa ya jamii ya doksorubisini pamoja na ifosfamaidi, na sindano ya kuchochea seli nyeupe baada ya kila mzunguko. Ni kemo nzito, mjiandae.

Kwanza kabisa, kabla ya dripu ya kwanza: mbegu za uzazi zihifadhiwe. Ifosfamaidi inaweza kufunga uzazi moja kwa moja, na kuhifadhi mbegu ni kazi ya siku chache ikipangwa mapema. Kwa mwanamke huchukua kama wiki 2 kuvuna mayai, kwa hiyo lazima litajwe siku ile ile jina la ugonjwa linapotajwa. Wengi hawaambiwi hili mpaka muda umepita, na ni dhuluma.

Moyo upimwe kwa ekokadiografia (ultrasound ya moyo) kabla ya kuanza. Doksorubisini ina kikomo cha maisha: ikifika jumla ya miligramu 450 kwa kila mita ya mraba ya mwili, hatari ya moyo kuchoka hupanda waziwazi. Dozi ya kawaida inapotolewa peke yake ni 75, kwa hiyo mara 6 umefika. Jumla aliyopokea iandikwe kwenye daftari lake, kwa sababu miaka 10 baadaye daktari mwingine ataiuliza.

Mkojo unachanganya watu. Doksorubisini yenyewe huupaka mkojo rangi nyekundu au ya machungwa kwa siku 1 au 2, bila maumivu, na hiyo ni rangi ya dawa. Lakini ifosfamaidi inaweza kuchubua kibofu, na hapo mkojo mwekundu huja na kuchoma, kubanwa kila mara, au mabonge ya damu. Dawa iitwayo mesna hutolewa pamoja na ifosfamaidi kuzuia hilo, na maji mengi. Rangi bila maumivu, mwambie nesi kwa utulivu. Rangi na maumivu, mwambie sasa hivi.

Ifosfamaidi pia hugusa ubongo. Akianza kusinzia kupita kiasi, kusema ovyo, kuona visivyokuwepo au kutetemeka katika saa au siku za dripu, msidhani ni uchovu. Iteni wahudumu, dawa husimamishwa, na kwa wengi hali hurudi sawa. Ninyi mnaokaa naye ndio mtakaoona kwanza, yeye mwenyewe hatajua.

Na homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 seli nyeupe ziko chini kabisa. Awe na kipimajoto. Ikifika 38.3 mara moja, au 38.0 ikadumu saa moja, ni hospitali muda huo, hata usiku wa manane, hata kama anajisikia vizuri. Asimeze parasetamoli kabla ya kupima kwani huficha homa. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki aziache wakati wa ifosfamaidi, zitaiumiza figo ambayo tayari ina kazi.

Goti_Imara

Nalichukua swali la mguu.

Misuli minne ya mbele ya paja ndiyo inayonyoosha goti. Akiondolewa mmoja, mingine mitatu hujifunza kazi. Akiondolewa mitatu, au neva yake ikikatwa, bado atatembea, lakini goti litakuwa linamkwepa: kwenye mteremko, kushuka ngazi, kugeuka ghafla. Hapo hutengenezewa kifaa cha kushikilia goti na hufundishwa kulifunga kwa kulisukuma nyuma kidogo anapokanyaga. Kupanda ngazi, mguu usiopasuliwa hutangulia. Kushuka, ule uliopasuliwa hutangulia, mkono kwenye kishikio. Kuanguka ndiyo ajali ya kwanza ya wagonjwa hawa, kwa hiyo zulia lililokunjika na bafu lenye utelezi yashughulikiwe kabla hajarudi nyumbani.

(Kwa wanaosoma wenye uvimbe wa nyuma ya paja: neva kubwa ya pale ikiguswa, kinachopotea ni kuinua wayo na vidole vyake, pamoja na hisia ya chini ya mguu. Kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo huzuia vidole kuburuza. Nyayo zikaguliwe kila jioni kwa kioo, na maji ya kuoga yapimwe kwa mkono, kamwe si kwa mguu ule.)

Wiki za mwanzo msiwe na haraka. Ngozi iliyopigwa mionzi ikivutwa mapema hufumuka, na kidonda kilichofumuka hugharimu miezi. Mpasuaji ndiye atakayesema goti likunjwe lini na nyuzi ngapi. Wakati huo akaze paja akiwa amelala, goti limenyooka, sekunde 5, mara 10, mara 3 kwa siku, na kifundo akipige juu chini kila saa ili damu isigande. Mrija hutolewa maji yanapopungua, mara nyingi chini ya mililita 30 kwa siku. Mkiutoa mapema maji yatajaa ndani.

Kidonda kikishafunga ndipo kazi yenyewe inaanza. Kwa kutembea tu goti linahitaji kukunjika nyuzi 60 hadi 70, kwa ngazi karibu 90, na kuinuka kwenye kiti cha chini hata zaidi ya 100. Kwa hiyo lengo lisiwe "anatembea, inatosha".

Na hapa ndipo watu wengi hupoteza walichokipata. Ugumu wa mionzi hauji mara moja. Huanza miezi kadhaa baadaye, wakati kidonda kimepona, kliniki ya mazoezi imemruhusu, na kila mtu amepumua. Polepole goti linapoteza nyuzi 5, kisha 10, na mgonjwa hagundui mpaka siku akishindwa kuvaa soksi. Tishu iliyokakamaa hairudishwi kirahisi, huzuiwa. Anyooshe paja kila siku, avute mpaka aone mkazo usio maumivu makali, ashikilie sekunde 30, arudie mara 4 au 5, na aendelee hivyo miaka 2 bila kukatisha, akipima mwenyewe kila mwezi: alale kifudifudi, akunje goti, apime kwa rula pengo kati ya kisigino na tako. Namba ikikua, arudi kwa mtaalamu wiki hiyo.

Uvimbe wa limfu upimwe kwa utepe wa fundi cherehani. Chora alama sentimita 10 na 20 juu ya kilegesambwa na sentimita 10 chini yake, miguu yote miwili, asubuhi kabla hajasimama sana, uandike. Mbele ya paja patakuwa pembamba kwa sababu misuli imetolewa, kwa hiyo tegemeeni zaidi kipimo cha chini ya goti. Tofauti ikiongezeka sentimita 2, soksi ya mgandamizo ianze mapema, iliyopimwa kwa mguu wake, ivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani na ibadilishwe karibu kila miezi 6 kwa kuwa hulegea. Lakini mzunguko wa damu ya ateri upimwe kwanza, hasa kama mshipa wa damu uliguswa.

Mguu ukivimba ghafla siku moja na shavu la mguu likauma, hiyo si limfu, inaweza kuwa damu iliyoganda: dharura. Ukiwa mwekundu, wa moto na ana homa, ni maambukizi ya ngozi na anahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo.

Mfupa nao. Fupa la paja lililopigwa mionzi linaweza kuvunjika hata miaka kadhaa baadaye bila ajali yoyote, hasa ikiwa utando wa mfupa ulibanduliwa wakati wa upasuaji, na kwa wanawake waliovuka miaka 50. Maumivu mapya ya paja akikanyaga, yanayotulia akikaa, yapigwe picha kabla ya mazoezi kuendelea. Mfupa huo ukivunjika huunga kwa shida sana.

Kisima_Kirefu

Naomba kuingilia. Shangazi yetu, miaka 52, alitolewa uvimbe wa nyuma ya goti ukidhaniwa ni wa mafuta tu. Majibu yamekuja: liposakoma ya miksoidi (sakoma ya jamii ya mafuta), ukingo una seli. Je, tufuate haya haya?

Hadubini

Ndugu Kisima, sehemu tu. Fungua uzi wako ili mambo yasichanganyike, ila la haraka ni hili.

Uvimbe uliotolewa bila kujua ni sakoma, mara nyingi huacha mabaki. Ipigwe MRI mpya, nta isomwe upya (kwa aina hii kinachotafutwa ni muungano wa FUS na DDIT3), na apelekwe kwenye timu ya sakoma kwa upasuaji wa pili wenye mpango. Msikubali kuambiwa "tusubiri tuone kama utarudi".

Tofauti kubwa ni mahali unapokimbilia. Sakoma nyingi huenda mapafuni. Liposakoma ya miksoidi hupenda pia uti wa mgongo, mifupa na tishu laini nyingine, na skani ya mifupa na PET (skani ya sukari yenye mionzi) zinaweza zisiione kabisa. CT ya kifua peke yake haitoshi. Ombeni MRI ya uti wa mgongo mzima, au ya mwili mzima. Habari njema ni kwamba aina hii husikia mionzi kuliko nyingine, na kuna utafiti uliotumia Gy 36 katika vipindi 18 badala ya 50 kabla ya upasuaji, kidonda kikapata nafuu. Ulizeni.

Zuhura_K

Jibu la SS18 limetoka: upo muungano. Kikao cha pamoja wameamua kemo mizunguko 3, mionzi, kisha upasuaji. Mbegu zimehifadhiwa. Limebaki swali la mwisho: akimaliza yote, atafuatiliwaje? Na wakiona kitu mapafuni ndiyo basi?

Mwale

Hongereni kwa kuwahi hilo la mbegu.

Kwa daraja la 3, miaka 2 hadi 3 ya kwanza ni kila miezi 3 hadi 4: kupapaswa paja na mtu anayejua, na picha ya kifua. Kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5. Kisha mara moja kwa mwaka. Kwa sakoma ya sainovia msikubali kuachishwa mwaka wa 5, kwa maana aina hii ina tabia ya kurudi kwa kuchelewa, hata baada ya mwaka wa 5, na miaka 10 ndiyo ningeihesabu. MRI ya paja ya kulinganishia ipigwe karibu miezi 3 baada ya upasuaji. Mapema zaidi, maji na uvimbe wa kidonda hufanana na ugonjwa na kuwatisha bure. Picha zote ombeni kwenye diski, si ripoti ya karatasi tu. Msomaji wa picha ya leo akikosa ya jana, kila doa kwake ni jipya.

Madoa ya milimita 3 au 4 mapafuni huonekana kwa watu wengi wasio na saratani. Doa moja dogo hurudiwa picha baada ya miezi michache, kwa mashine yenye vipande vyembamba, na linaloamua ni kama limekua. Hakuna anayepaswa kuanza kemo kwa sababu ya doa la milimita 4 lisilobadilika.

Na likiwa ndilo, si basi. Madoa yakiwa machache, yametokea zaidi ya mwaka baada ya matibabu, na paja liko safi, mpasuaji wa kifua huyatoa, au hupigwa mionzi ya shabaha ndogo yenye dozi kubwa. Wapo wanaopasuliwa hivyo zaidi ya mara moja na wakaishi miaka mingi, wengine bila ugonjwa kurudi tena. Yakiwa mengi, kuna ifosfamaidi ya dozi ya juu, trabektedini, na vidonge vya pazopanibu. Hivyo vidonge humezwa tumbo tupu, saa 1 kabla au saa 2 baada ya chakula, na ini pamoja na shinikizo la damu vifuatiliwe. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha pia tiba ya seli za kinga za mgonjwa mwenyewe zilizorekebishwa, mahsusi kwa sakoma ya sainovia iliyosambaa na iliyokwisha kupata kemo, kwa wenye aina fulani za HLA-A*02 (alama za kinga ambazo mtu huzirithi) na uvimbe wenye alama ya MAGE-A4 (protini ya seli za uvimbe). Kwa hiyo nta ile itunzwe vizuri, na siku ugonjwa ukirudi vipimo hivyo viwili viombwe mapema.

Moyo pia urudiwe ekokadiografia baada ya kemo na mara kwa mara miaka inayofuata. Pumzi ikikata akipanda ngazi, asidhani ni mguu tu.

Nesi_wa_Zamu

Naongeza moja tu kwa Mwale. Wiki ya picha ni ngumu kuliko wiki ya kemo kwa wengi: usingizi unapotea, hasira zinapanda, kila kikohozi kinakuwa mapafu. Siku mnapopanga tarehe ya CT, pangeni papo hapo tarehe ya kusomewa majibu, isizidi siku 2 au 3, na mtu wa kwenda naye. Ripoti ikitumwa kwenye simu kabla ya hapo, mkubaliane mapema kama ataifungua mwenyewe au ataisubiri kwa daktari. Na akiwa na hofu hiyo miezi yote, si wiki ya picha tu, mwambieni daktari. Hofu na sonona baada ya saratani vina matibabu, na ni sehemu ya ufuatiliaji kama CT ilivyo.

Goti_Imara

Na daftari lenye vipimo vya utepe na nyuzi za goti aje nalo kila kliniki. Zuhura, tuandikie mizunguko 3 ikiisha, tupange mazoezi ya kabla ya upasuaji. Paja lenye nguvu likiingia kwenye kisu hutoka likiwa na pa kuanzia.